RTX 3060 au RX 6600: namna ya kuzipima kwa gemu na kwa umeme ukiwa Tabora

Ukiuliza ipi kali kati ya kadi mbili za picha za kompyuta, GeForce RTX 3060 ya Nvidia na Radeon RX 6600 ya AMD, majibu mengi utakayopewa yametoka kwa watu waliozipima na prosesa ya bei mbaya, kwenye chumba chenye kiyoyozi na umeme usioyumba. Majibu hayo ni ya kweli kwa mashine zao. Kompyuta iliyoko Isevya au Cheyo, yenye prosesa ya miaka minane iliyopita, monita ya Hz 60 na paa la bati, inaweza kutoa majibu mengine kabisa. Kwa hiyo zipime kwenye mashine yako mwenyewe, au angalau mashine inayofanana nayo, na uzipime mara mbili: fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) kwenye skrini, na wati kwenye soketi.

RTX 3060 ilitoka Februari 2021. Ina viini (vitengo vidogo vya kukokotoa) 3,584, kumbukumbu ya 12GB kwenye njia ya biti 192, na matumizi yake yaliyotajwa na Nvidia ni wati 170. RX 6600 ilitoka Oktoba mwaka huohuo: viini 1,792, kumbukumbu ya 8GB kwenye njia ya biti 128, wati 132. Usihangaike na idadi ya viini. Nvidia na AMD hawahesabu kwa namna moja, na ndiyo maana kadi yenye nusu ya viini inaweza kwenda sambamba na mwenzake kwenye gemu za kawaida za 1080p (pikseli 1920 kwa 1080). Kasi ya kumbukumbu nayo ni 360 GB kwa sekunde kwa RTX 3060 na 224 kwa RX 6600, lakini AMD wameweka akiba (cache) ya 32MB ndani ya chipu yenyewe inayoziba sehemu kubwa ya pengo hilo, hasa kwenye 1080p.

Kabla hujachomeka chochote

Kompyuta nyingi za mezani zinazonunuliwa mtumba ni za maofisini, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Pawa saplai zake mara nyingi ni za wati 240 hivi na hazina waya wa pini 8 unaohitajiwa na kadi zote mbili. Fundi atakuuzia adapta inayotoa pini 8 kutoka kwenye waya wa SATA. Ikatae. Plagi moja ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye laini ya volti 12, na soketi ya pini 8 inaweza kuvuta hadi 150. Plastiki huyeyuka, na ikiyeyuka huwa inaondoka na kitu kingine. Pia pima urefu wa kasha: kasha jembamba la ofisini haliingizi kadi ya feni mbili hata ukilazimisha.

Kwa RTX 3060 Nvidia wanashauri pawa saplai ya wati 550, na kwa RX 6600 AMD wanashauri 450. Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma jedwali la lebo, tafuta mstari wa 12V, uzidishe ampea kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa "500W" yenye ampea 18 kwenye laini hiyo inatoa wati 216 tu pale kadi na prosesa zinapozihitaji. Kwa kadi hizi tafuta ampea 30 kwenda juu. Zile zenye kitufe chekundu cha 115/230 mgongoni ni za kizamani. Usikigeuze kitufe hicho hata umeme ukishuka namna gani, maana ukirudi juu kikiwa 115 pawa saplai inalipuka.

Angalia na madabodi. RTX 3060 inatumia njia 16 za PCIe (kiungo cha kadi na madabodi), RX 6600 inatumia 8. Kwenye madabodi ya PCIe 3.0 tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye PCIe 2.0, yaani mashine za Intel Core za kizazi cha pili, RX 6600 inabaki na takriban 4 GB kwa sekunde kati yake na prosesa, na gemu nzito zitakwamakwama kila kumbukumbu ya kadi inapojaa.

Hakikisha kadi ni yenyewe

Kadi ikitoka Kariakoo ikapakiwa kwenye basi, ikifika Tabora na kasoro kuirudisha ni kazi. Muombe muuzaji video moja isiyokatwa: aanze na stika ya namba ya kadi, aichomeke, awashe, afungue GPU-Z (programu inayosoma sifa za kadi), kisha aendeshe gemu kwa dakika kumi huku joto likionekana. Muuzaji mwenye kadi nzima hakatai.

Kwenye GPU-Z, RTX 3060 yenyewe inaonyesha viini 3,584, biti 192 na 12288 MB. Ukiona 8192 MB na biti 128, hiyo ni RTX 3060 ya 8GB iliyotoka baadaye, mwaka 2022. Jina ni lilelile lakini kasi ya kumbukumbu imeshuka hadi 240 GB kwa sekunde na fremu zinashuka nayo. Usiilipie bei ya 12GB. Ukiona viini 3,840 na 6GB, chipu ni ya laptopu iliyopandikizwa kwenye ubao wa kompyuta ya mezani, na draiva zake ni usumbufu usioisha. RX 6600 inatakiwa kusoma chipu ya Navi 23, viini 1,792, biti 128, 8192 MB.

Kadi iliyochimbia sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu, lakini sikiliza feni zake, maana ndizo zinazoanza kuchoka. Tazama pia kama pedi za kumbukumbu zimevuja mafuta ubavuni.

Kuandaa kipimo

Tumia mashine moja, ramu zilezile, Windows ileile. Ukibadilisha kadi ya Nvidia kuweka ya AMD, au kinyume chake, futa draiva ya zamani kwa Display Driver Uninstaller ukiwa sefu modi, na uwe umechomoa intaneti ili Windows isijiwekee draiva yake kabla hujaweka ya kwako. Draiva mbili zikibaki pamoja utapata fremu za ajabu na utailaumu kadi. Faili za draiva ni za mamia ya megabaiti kila moja, kwa hiyo pakua zote mbili mapema, bando lisikukatikie katikati ya kazi.

Zima V-Sync (inayofunga fremu kwenye kasi ya monita) na kikomo chochote cha fremu. Zima DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD, zinazochora picha ndogo kisha kuikuza ili fremu ziongezeke, kwa kipimo cha kwanza; utavirudisha baadaye. Weka setingi zinazofanana neno kwa neno, kwa 1080p. Ukichagua "Auto", gemu itaichagulia kila kadi setingi zake na kipimo kitakuwa cha bure.

Pima kadi zote mbili saa ileile ya siku. Septemba na Oktoba chumba chenye bati bila dari kinaweza kupishana nyuzi kumi kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, na kadi iliyopimwa mchana itaonekana mbovu kwa kosa la jua. Weka kipimajoto cha kawaida karibu na kasha, si juu yake, na uandike namba.

Kupima fremu

MSI Afterburner pamoja na RivaTuner vinakuonyesha fremu, joto na matumizi juu ya skrini. CapFrameX inakuandikia kila fremu ilichukua muda gani, na ndiyo bora kwa kulinganisha. Gemu zenye kipimo chake ndani, kama GTA V, Forza Horizon 5 na Cyberpunk 2077, ni rahisi kwa sababu kila mara zinapita njia ileile. Kwa gemu ya mpira kama EA Sports FC, chagua timu zilezile, uwanja uleule na kamera ileile, urekodi sekunde 60 za mpira ukiwa unachezwa. Marudio na sherehe za goli visiingie, fremu zake huwa zina kikomo chake.

Cheza dakika kumi kwanza bila kurekodi ili kadi ipate joto lake la kazi. Kadi baridi hukimbia kasi ambayo haitaidumisha. Kisha rekodi mara nne, tupa ya kwanza, chukua wastani wa tatu zilizobaki. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia tatu, kuna kitu kinaendelea nyuma, mara nyingi Windows inapakua masasisho. Tafuta kabla ya kuendelea.

Andika namba mbili: wastani wa fremu, na ile ya asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya fremu zilizochelewa kuliko zote. Hiyo ya pili ndiyo inayokuambia kama gemu inakatakata. Kadi yenye wastani wa 95 na chini 40 ni mbaya kuchezea kuliko yenye 85 na chini 65. Hapa ndipo 12GB za RTX 3060 zinapojitokeza. Ukipandisha ubora wa picha za vitu (textures) mpaka 8GB za RX 6600 zijae, wastani wake hauanguki sana, ila ile asilimia 1 inaporomoka. Shusha hatua moja tu kwenye ubora huo na inarudi.

Wakati wote angalia matumizi ya kadi kwa asilimia. Ikiwa 95 kwenda juu, unapima kadi. Ikiwa 60 au 70, prosesa imezidiwa na unachopima ni prosesa. Kadi zote mbili zitatoa fremu karibu sawa na utadhani hazina tofauti. Kuna jambo moja zaidi hapa ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi: kwenye gemu za DirectX 12 (mfumo wa Windows wa kuchora gemu), draiva ya Nvidia inaitwisha prosesa kazi zaidi kuliko ya AMD. Kwenye prosesa mpya huoni kitu. Kwenye i5 ya kizazi cha nne, RX 6600 inaweza kuipita RTX 3060 mahali ambapo kwenye mashine mpya ingeachwa nyuma kidogo. Mwenye prosesa ya zamani asome mstari huu mara mbili.

Kupima umeme, na mtego wa programu

Usilinganishe wati zinazoonyeshwa na Afterburner au HWiNFO (programu nyingine ya kusoma vipimo vya kompyuta) kwa kadi hizi mbili. Nvidia inaripoti umeme wa kadi nzima. RX 6600 inaripoti umeme wa chipu, bila kumbukumbu nzima, feni na upotevu wa njiani, kwa hiyo itaonyesha wati 100 hivi wakati kadi nzima inakula karibu na 132. Mtu akikuambia RX 6600 yake inakula wati 100 na RTX 3060 ya jirani 170, amesoma namba mbili zisizofanana na akatoa hukumu.

Kipimo cha haki kinatoka kwenye soketi. Mita ndogo ya wati inayochomekwa kati ya soketi na plagi inatosha. Chomeka kasha peke yake, monita na spika ziwe kwenye soketi nyingine, na soma wastani wa dakika kumi gemu ikiendelea, si namba ya juu kabisa uliyoiona ikipita.

Huna mita hiyo? Tumia LUKU. Kwenye mita kuna taa inayopepesa, na kando yake pameandikwa mipepeso mingapi ni uniti moja, mara nyingi 1000 imp/kWh. Kwa mita ya 1000, kila mpepeso ni wati-saa moja. Zima kila kitu ndani: friji, chaja, taa, hata redio. Endesha gemu, hesabu mipepeso kwa dakika 30, zidisha kwa 2, hiyo ndiyo wastani wa wati. Dakika sita zingetosha kwa kuzidisha kwa 10, lakini mpepeso mmoja ukikupita unakosea wati 10 nzima, na tofauti unayoitafuta ni arobaini hivi. Monita hapa itahesabiwa ndani, na hilo halina neno mradi ni ileile kwa kadi zote mbili na mwanga wake haujaguswa. Kama mita yako ni ya 1600, gawanya jibu kwa 1.6.

Sasa hesabu. Chukua namba hizi kama mfano wa kukokotoa tu: RTX 3060 imetoa fremu 92 kwa wati 262 kwenye soketi, RX 6600 fremu 90 kwa wati 218. Gawanya wati kwa fremu: 2.85 dhidi ya 2.42. Kadi ya pili inatengeneza kila fremu kwa umeme pungufu wa takriban asilimia 15. Wati 44 za tofauti kwenye soketi ni nyingi kuliko 38 za kwenye makaratasi kwa sababu pawa saplai nayo inapoteza sehemu yake.

Kisha rudia kipimo chote ukiwa umefunga fremu kwenye 60. Monita yako kama ni ya Hz 60 haionyeshi zaidi ya hapo, na fremu 30 za ziada unazilipia bila kuziona. Kipimo hiki cha pili, kwa maoni yetu, ndicho cha kukifuata kama kazi yako kubwa ni mpira na GTA, kwa sababu ndivyo mashine itakavyoishi.

Inakugharimu nini

Kwa saa tano kila siku, wati 44 ni uniti 6.6 kwa mwezi. Gawanya shilingi ulizonunulia LUKU mara ya mwisho kwa uniti ulizopata, upate bei yako halisi pamoja na kodi. Ikiwa ni 350, tofauti ni shilingi 2,310 kwa mwezi. Kwa nyumba ya mtu mmoja hiyo si sababu ya kulipa bei kubwa zaidi dukani. Kibanda cha gemu chenye mashine sita zinazowaka saa 12 ni habari nyingine: uniti 95 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 33,000.

Walio kwenye daraja la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, wawe makini zaidi. Mashine ya wati 262 kwa saa tano kila siku inakula uniti 39 peke yake. Ongeza friji, na kadi ndiyo inaweza kuwa iliyokuvusha mpaka. Ukishavuka unalipa bei ya juu zaidi ya mara tatu kwa uniti zinazozidi.

Umeme ukikatika, ufanisi unageuka kuwa dakika. UPS (kisanduku cha betri kinachoshika mashine umeme ukikatika) ya 650VA kwa kawaida inabeba wati 325 hadi 390, lakini kadi huvuta miruko ya sehemu ndogo ya sekunde inayozidi wastani wake kwa mbali. Mashine ya RTX 3060 pamoja na monita kwenye UPS ya namna hiyo, yenye betri iliyochoka, hujizima palepale umeme unapokatika, na mtu anadhani UPS ni feki. RX 6600 inaacha nafasi ya kupumua. Kwa wenye betri ya sola ya volti 12 na 100Ah ya tindikali, tumia nusu tu ili isife mapema: wati-saa 600, inveta ikichukua yake zinabaki kama 510. Kwa wati 262 ni saa 1 na dakika 57, kwa 218 ni saa 2 na dakika 20, na kwa vitendo pungufu kidogo kwa zote mbili, kwa sababu betri ya tindikali ikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa.

Joto na vumbi

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia kumi, na feni inayozunguka mwendo uleule inabeba joto pungufu. Linganisha joto la kadi baada ya kutoa joto la chumba: chumba 31, kadi 76, andika 45. Namba hiyo ndiyo unayoweza kuilinganisha na ya siku nyingine. Angalia pia unasoma nini. Kadi ya AMD inaonyesha namba mbili, ya chipu kwa jumla na ya mahali penye moto zaidi. Hii ya pili ikifika 90 bado haijafika kikomo chake cha 110. Kwa RTX 3060 kikomo ni 93 kwa namba ya kawaida ya chipu. Ukilinganisha ile ya AMD ya mahali penye moto na hii ya Nvidia, utaikimbia kadi nzima bure.

Vumbi la kiangazi linaingia popote penye uwazi. Puliza mapezi ya kadi kila mwezi kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, ukiwa umeshika feni kwa kidole isizunguke. Feni inayozungushwa kwa upepo mkali huharibu beringi. Stuli ya kuinua kasha kutoka sakafuni inasaidia kuliko feni ya tatu.

RTX 3060 inaweza kupunguziwa hamu yake. Kwenye Afterburner shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80, yaani wati 136, karibu sawa na RX 6600, kisha pima fremu upya. Utapoteza chache, pungufu sana ya ile asilimia 20 ya umeme. Kupunguza volti kunatoa matokeo mazuri zaidi lakini kunahitaji subira: shusha kidogokidogo, cheza gemu nzito nusu saa kila hatua, na ikiganda rudi hatua moja nyuma. RX 6600 imeshabanwa kiwandani, haikuachii nafasi kubwa ya kuishusha, kwa hiyo usitarajie maajabu zaidi ya yale ya kufunga fremu.

Ipi sasa

Kwa prosesa ya zamani, 1080p, mpira, GTA, Counter-Strike, au kibanda cha kulipisha kwa saa, chukua RX 6600, na ukiipata kwa bei ya chini ya mwenzake usisite. Kwa anayehariri video za harusi na send-off mchana na kucheza usiku, chukua RTX 3060 ya 12GB: programu nyingi za kuhariri na Blender (ya picha za 3D) zinaitumia Nvidia vizuri zaidi, miale ya mwanga (ray tracing) kwenye gemu inaiendesha vizuri zaidi, na DLSS yake kwa 1080p inatoa picha safi kuliko FSR ya kizazi cha pili. Ibane kwa asilimia 80 siku ya kwanza. Kama pawa saplai yako haifiki ampea 30, weka bei ya pawa saplai mpya kwenye hesabu ya kadi yoyote utakayoichagua, na uinunue hiyo pawa saplai kwanza.